Kuondoa Rangi ya Kucha Iliyong'ang'ania: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Kujua kilichopakwa

Kwa nini rangi moja hutoka kwa kufuta mara moja na nyingine hugoma kabisa?

Rangi ya kawaida ya kucha, ile ambayo wengi wetu huiita Cutex hata kama chupa ina jina jingine, ni utando mwembamba wa nitroselulosi uliochanganywa na rangi na vilainishi. Ndani ya chupa, utando huo huwa umeyeyushwa katika vimiminika vinavyokauka upesi. Ukishapakwa, vimiminika hupotelea hewani na utando hubaki juu ya ukucha. Kwa kuwa ulikauka tu bila kugeuka kitu kingine, kiyeyushi kinachofaa huurudisha katika hali ya ugiligili kwa muda mfupi.

Rangi hiyo hiyo huwa ngumu kutoka inapopakwa tabaka juu ya tabaka, hasa pale anayepaka anapofunika rangi ya wiki iliyopita bila kuiondoa. Vimetameta navyo huleta kazi nyingine, kwa sababu ni vipande vya plastiki ambavyo asetoni, kiyeyushi kinachotumika kuondolea rangi ya kucha, haiviyeyushi.

Jeli ni jambo tofauti kabisa. Hugandishwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno, na molekuli zake hushikamana zikawa kama wavu mmoja usioweza kuyeyuka tena. Asetoni huupenya wavu huo, huuvimbisha na kuuachanisha na ukucha, na kazi hiyo huhitaji dakika, si sekunde. Malalamiko mengi ya rangi kugoma hutoka kwa mtu anayesugua jeli kwa njia iliyokusudiwa rangi ya kawaida.

Nitajuaje kama nimepakwa rangi ya kawaida au jeli?

Ukikumbuka kwamba uliingiza vidole kwenye taa, ni jeli. Kama hukumbuki, au ulipakwa na mtu mwingine kabla ya harusi ukiwa umefumba macho kwa uchovu, jaribu ukucha mmoja: bana pamba yenye asetoni juu yake kwa sekunde 20, kisha futa. Pamba ikichukua rangi, hiyo ni rangi ya kawaida. Pamba ikitoka safi na ukucha ukapoteza mng'aro tu, hiyo ni jeli au kucha za unga, yaani kucha za bandia zinazojengwa kwa unga.

Jihadhari na chupa zilizoandikwa kwamba zina mwonekano wa jeli. Nyingi kati ya hizo ni rangi ya kawaida yenye mng'aro mkubwa, haihitaji taa, na hutoka kama nyingine. Vijana wanaopita mitaani Dar es Salaam na vikapu vyao, wakigonganisha chupa ili wasikike, nao aghalabu hupaka rangi ya kawaida.

Kuna tofauti gani kati ya asetoni na rimuva (dawa ya kuondolea rangi) isiyo na asetoni?

Asetoni ni kiyeyushi chenye nguvu kinachokauka upesi mno. Rimuva isiyo na asetoni kwa kawaida hutumia asetati ya ethili au viyeyushi vya jamii hiyo, ambavyo hufanya kazi polepole zaidi. Kwa rangi nyepesi ya tabaka moja au mbili, rimuva isiyo na asetoni inatosha. Kwa rangi nzito, vimetameta, jeli na unga, mtu atasugua hadi achoke na ngozi itaumia zaidi kwa kusuguliwa kuliko ambavyo ingeumia kwa asetoni.

Kucha za kubandika ambazo unataka kuzitumia tena ni suala jingine: asetoni huziharibu plastiki zake, na jibu lake liko katika sehemu ya jeli, kucha za unga na kucha za kubandika.

Nitajuaje kama asetoni niliyouziwa haikuongezwa maji?

Tone la asetoni safi likiwekwa juu ya kioo au kigae hukauka haraka sana bila kuacha alama. Likichelewa kukauka, au likiacha utando wa mafuta, limechanganywa. Mchanganyiko si lazima uwe udanganyifu, kwa sababu viwanda vingi huongeza gliserini, mafuta na maji kwa makusudi ili ngozi isikauke. Rimuva ya namna hiyo hufaa kwa rangi ya kawaida, lakini huchosha sana kwa jeli.

## Rangi ya kawaida

Ni njia gani ya haraka ya kuondoa rangi nyeusi au nyekundu bila kuchafua vidole?

Anza mikono ikiwa mikavu. Asetoni huchanganyika na maji, kwa hiyo kidole chenye maji huipunguzia nguvu. Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi inayozunguka ukucha, bila kugusa ukucha wenyewe; mafuta hayo huzuia rangi iliyoyeyuka isiingie kwenye mikunjo ya ngozi.

Lowesha pamba vizuri, ibane juu ya ukucha, na uiache kwa sekunde 15 hadi 20 bila kuisogeza. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Kisha kandamiza na uvute mara moja kutoka kwenye shina la ukucha kuelekea nchani. Ukisugua huku na huku unaisambaza rangi kwenye ngozi. Geuza pamba upande safi kwa kila ukucha, na uitupe ikishalowa rangi pande zote, kwa maana pamba chafu hurudisha ilichokichukua.

Mabaki ya kwenye kona huondolewa kwa kijiti chembamba cha mti kilichozungushiwa pamba kidogo yenye asetoni. Kwa vidole vya miguu fanya vivyo hivyo, ukianza na kidole gumba ambacho rangi yake huwa nyingi. Mtu aliyezoea humaliza mikono yote miwili kwa muda usiozidi dakika 5.

Rangi ya vimetameta inaondolewaje?

Kinachoyeyuka ni utando unaovishikilia vimetameta. Vyenyewe havitayeyuka hata ukiloweka usiku kucha. Weka kipande cha pamba chenye asetoni juu ya ukucha, kizungushie karatasi ya foili, na subiri dakika 5. Bonyeza kidogo juu ya foili, zungusha, halafu vuta. Vimetameta vingi vitatoka pamoja na pamba. Vilivyobaki virudie kwa dakika 2 nyingine badala ya kuvikwangua kwa ukucha wa kidole kingine.

Sina rimuva nyumbani na ninahitaji kuondoa rangi sasa hivi. Nifanye nini?

Njia bora kuliko zote ni rangi ya kucha yenyewe. Paka tabaka nene ya rangi mbichi juu ya ile ya zamani, na kabla haijakauka ifute kwa nguvu kwa kitambaa. Viyeyushi vya rangi mbichi hulainisha rangi iliyokauka, na zote mbili hutoka pamoja. Inachafua, na huenda ukahitaji kurudia mara mbili au tatu kwa kila ukucha, lakini ina msingi wa kweli. Chagua rangi nyepesi au ile isiyo na rangi, ili usije ukaondoa nyekundu na kubaki na nyeusi.

Kitakasa mikono chenye alkoholi nyingi, manukato, na dawa ya kupuliza kwapani yenye alkoholi hulainisha rangi kwa kiasi. Zitumie kwa kubana pamba muda mrefu, na usitarajie miujiza kwenye rangi ya tabaka nne.

Je, ndimu, siki au dawa ya meno hufaa?

Ndimu na siki ni asidi hafifu zilizomo ndani ya maji, wala haziyeyushi nitroselulosi. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na ikiondoa chochote huondoa kwa kukwangua. Mapishi haya husambazwa sana na yana madhara machache, lakini mtu mwenye haraka atakuwa amepoteza nusu saa na ndimu zake.

Na thina ya rangi za nyumba au petroli?

Thina inaweza kuondoa rangi ya kucha, na hapo ndipo ushawishi ulipo. Hata hivyo, thina nyingi zina tuluini na viyeyushi vingine ambavyo mvuke wake huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na ambavyo hupenya kwenye ngozi. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani, na hulipuka kwa cheche ndogo. Hakuna shughuli inayostahili hatari hiyo. Afadhali kwenda na kucha zenye rangi iliyobanduka nusu.

Klorini ya kufulia nguo nayo isikaribie kazi hii. Haiondoi rangi, na ikichanganyika na asetoni huzalisha klorofomu, kemikali yenye sumu.

## Jeli, kucha za unga na kucha za kubandika

Ninaondoaje jeli nyumbani bila kuharibu kucha?

Kwanza chonga juu kwa tupa ya kucha hadi mng'aro wote upotee. Tabaka ya juu kabisa ya jeli ndiyo inayozuia asetoni isipenye, na anayeruka hatua hii ndiye atakayerudi kwenye swali linalofuata. Usichonge hadi ukaufikia ukucha. Lengo ni kuvunja kioo cha juu tu.

Paka mafuta ya mgando kwenye ngozi, kata pamba vipande vya ukubwa wa ukucha, viloweshe kwa asetoni safi, viweke kila kimoja mahali pake, kisha zungushia foili kwa kubana ili asetoni isikauke kabla ya kufanya kazi. Subiri dakika 10 hadi 15. Fungua kidole kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja, kwa sababu jeli iliyolainika huanza kuwa ngumu tena mara ikipata hewa. Jeli iliyo tayari huwa imejikunja na kuinuka kama rangi ya ukuta uliolowa. Isukume kwa kijiti cha mti kuelekea nchani, kwa wepesi, na palipogoma pafunge tena.

Kufunga mkono mmoja kwanza na kumaliza, kisha wa pili, ni rahisi kuliko kujifunga yote miwili. Aliyewahi kutaka kupokea simu akiwa na foili kwenye vidole 10 hahitaji maelezo zaidi.

Nimeloweka dakika 15 na jeli bado haijatoka. Kosa liko wapi?

Aghalabu tabaka ya juu haikuchongwa vya kutosha, au pamba imekauka kwa sababu foili ilikuwa imelegea, au rimuva iliyotumika si asetoni safi. Baridi nayo hupunguza kasi. Kuweka taulo lenye joto la kadiri juu ya vidole vilivyofungwa husaidia. Usichemshe asetoni wala kuiweka karibu na jiko, kwani huchemka ikiwa na nyuzi 56 tu za Selsiasi na mvuke wake hushika moto.

Kukiwa hakuna mabadiliko yoyote baada ya kuchonga upya na kuloweka dakika 15 nyingine, huenda ulichowekewa ni jeli ngumu ya kujengea kucha, ambayo asetoni haiiondoi. Hiyo huondolewa kwa kuchongwa, na ni kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu.

Jeli imeanza kuinuka pembeni. Je, naweza kuibandua tu?

Hapana. Ukucha ni tabaka nyembamba za keratini zilizolaliana, na jeli imeshikana na ile ya juu. Ukiibandua, tabaka hiyo hutoka nayo. Ndiyo yale mabaka meupe yenye mikwaruzo, na ndiyo sababu ukucha hulainika na kupinda kama karatasi. Watu husema jeli imewaharibu kucha, ilhali mara nyingi kilichoziharibu ni namna ilivyotolewa. Kata sehemu iliyoinuka ili isikwame kwenye nguo au nywele, kisha loweka siku utakapopata nafasi.

Kucha za unga zinatokaje?

Kucha za akriliki, zinazotengenezwa kwa unga na kimiminika, huyeyuka katika asetoni lakini ni nene. Kata urefu wa ziada, chonga juu, kisha fuata njia ya foili kwa dakika 20 hadi 30 au zaidi, ukiondoa kilicholainika na kufunga tena. Unga wa kuchovya, unaoshikizwa kwa gundi ya sianoakrilati, kwa kawaida huchukua dakika 10 hadi 15.

Usikubali fundi azing'oe kwa kuingiza kadi au ukucha mwingine wa plastiki chini yake na kuinua. Ni haraka kweli, na maumivu yake pia ni ya haraka.

Na kucha za kubandika kwa gundi?

Loweka vidole katika maji ya vuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo ya nazi kwa dakika 15 hadi 20, kisha ingiza kijiti pembeni taratibu na uzungushe. Zikigoma, dondoshea asetoni kwenye ukingo ambapo gundi inaonekana. Hapa, tofauti na kwenye jeli, maji ni rafiki, kwa kuwa gundi hiyo hudhoofika kwa maji ya uvuguvugu.

## Udhu, hospitali na shule

Lazima rangi iondoke yote kabla ya kutawadha?

Katika mafundisho ya udhu na josho, maji yanapaswa kukifikia kiungo, na rangi ya kucha ni utando unaozuia maji. Kwa hiyo mabaki ya kwenye kona na kwenye shina la ukucha yana uzito hapa kuliko yalivyo kwa mtu anayejali pambo tu. Baada ya kufuta, nawa kwa sabuni kuondoa mafuta, kausha, kisha tazama kucha zako kwenye mwanga wa jua. Rangi isiyo na rangi ndiyo inayosahaulika zaidi. Jeli na kucha za unga, ambazo haziondoki kwa dakika moja, hazimfai anayeswali mara tano kwa siku, na wanawake wengi hungoja siku za hedhi ndipo wapake.

Kuhusu rangi zinazouzwa kwa madai kwamba zinapitisha maji, wanavyuoni hawajakubaliana, na swali hilo ni la kumuuliza sheikhe wako. Wanaoosha maiti nao hukutana na jambo hili, na njia ya pamba na foili ndiyo inayofaa kwa kuwa haikwangui.

Je, asetoni huondoa hina au piko kwenye kucha?

Haiondoi. Hina haina utando. Rangi yake huingia na kushikana na keratini ya ukucha, na kwa sababu hiyo hiyo haizuii maji ya udhu. Hutoweka ukucha unapokua, nao wa mkononi hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Piko jeusi linalopakwa Zanzibar na Mombasa aghalabu hutokana na dawa ya kutia nywele rangi, na ukucha uliolishika nao husubiri kukua. Ngozi ikiwasha au kutoa malengelenge baada ya piko, usiisugue kwa asetoni, nenda hospitali.

Kwa nini hospitali huniambia niondoe rangi kabla ya upasuaji?

Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi nzito, hasa nyeusi, bluu na kijani, inaweza kupotosha kipimo. Aidha, mtoa dawa ya usingizi hutazama nyama ya chini ya ukucha: ikigeuka samawati, oksijeni inapungua. Mjamzito aliyepangiwa upasuaji wa kujifungua aondoe jeli siku mbili tatu kabla, maana uchungu hauheshimu tarehe. Kukiwa na dharura, hakuna atakayesubiri foili. Mwambie muuguzi, naye anaweza kukibana kifaa kwa ubavu wa kidole au kwenye ndewe la sikio.

Mwanangu anarudi shule kesho na rangi haijatoka. Je, atumie asetoni?

Kwa rangi ya kawaida, mzazi aifanye kazi hiyo mwenyewe kwa rimuva isiyo na asetoni, dirisha likiwa wazi. Chupa isibaki kwa mtoto hata kwa dakika moja.

## Usalama

Asetoni ni hatari kiasi gani karibu na moto?

Hatari kubwa. Mvuke wake huwaka hata katika baridi kali, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto ulio mbali na chupa. Mkeka, jiko la mkaa pembeni, mshumaa umeme ukikatika, na zaidi ya yote chetezo chenye udi wakati bibi harusi anaandaliwa: hayo ndiyo mazingira ambayo asetoni haipaswi kufunguliwa. Foili na pamba zilizotumika zisitupwe jikoni. Ziache zikauke nje kwanza. Usimwage asetoni kwenye sinki, kwani huharibu mabomba ya plastiki.

Mjamzito au anayenyonyesha anaweza kutumia?

Kuondoa rangi mara moja moja mahali penye hewa hakuhesabiwi kuwa tatizo. Anayefanya kazi saluni siku nzima ana suala tofauti na amweleze mkunga wake. Anayenyonyesha anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Ikiingia jichoni, au mtoto akiinywa?

Jicho lisafishwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Mtoto aliyeinywa asitapishwe. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Baadhi ya dawa za zamani za kuondolea kucha za bandia zilikuwa na asetonitrili, ambayo mwilini huzaa sianidi, hivyo lebo ya chupa inaweza kubadilisha matibabu.

## Baada ya rangi kutoka

Kucha zimekuwa nyeupe na kavu. Je, zimeharibika?

Weupe unaotokea mara tu baada ya asetoni kwa kawaida ni ukavu, nao hupungua ukinawa na kupaka mafuta ya nazi. Mabaka yasiyobadilika kwa mafuta ni alama za kubanduliwa, kama ilivyoelezwa kuhusu jeli iliyoinuka, na yatahama kuelekea nchani kadiri ukucha unavyokua. Ukucha wa mkononi hujirudishia kwa takriban miezi 6. Wa kidole gumba cha mguu unaweza kuchukua mwaka na zaidi.

Zimebaki na umanjano. Je, ni rangi ambayo haijatoka?

Ni doa. Rangi nyekundu na za giza hupenya kwenye ukucha uliopakwa bila tabaka ya msingi. Asetoni zaidi haitasaidia, itazidi kukausha. Acha likue, na safari ijayo anza na tabaka ya msingi. Umanjano unaoambatana na ukucha kunenepa au kumeguka huenda ukawa fangasi, na huo ni wa kuonyeshwa kwa daktari kabla ya kufichwa kwa rangi nyingine.

Chini ya jeli nimekuta doa la kijani. Nifanye nini?

Doa la kijani mara nyingi ni bakteria waliopata unyevu kati ya ukucha na jeli iliyoinuka. Usipake chochote juu yake, weka ukucha ukiwa mkavu, na muone mhudumu wa afya. Kuwashwa na kuvimba ngozi kila unapopakwa jeli ni jambo jingine: huenda ni mzio wa kemikali za jeli isiyoganda vizuri, na mwenye mzio huo anashauriwa kuacha jeli kabisa.

Rangi imemwagikia nguo au kochi. Je, asetoni ni salama?

Kwenye khanga na kitenge cha pamba, gusagusa kwa asetoni kutoka upande wa nyuma, kitambaa cheupe kikiwa chini kupokea rangi, baada ya kujaribu kwenye pindo. Kitambaa cha asetati huyeyuka chenyewe, na kochi la ngozi bandia, meza iliyopigwa vanishi na gamba la simu huharibika. Kwa vitu hivyo, acha rangi ikauke kisha uibandue kwa uangalifu. Sakafu ya vigae haina shida: pamba moja, sekunde chache, dirisha wazi.